Unarekodi sini ya vita? Anza na risasi zinazoisha

Mara kwa mara kuna kijana ananirushia kipande cha filamu yake WhatsApp: "Kaka, nisaidie sauti tu, mengine yako poa." Nafungua. Wanaume sita wamesimama wazi katikati ya shamba, bega kwa bega, wanamwaga risasi kutoka kiunoni. Nyuma yao mpira wa moto wa kubandika na kompyuta. Anayepigwa anaruka mita mbili kwenda nyuma. Hapo hata ningeweka sauti ya namna gani, bado ni maigizo ya mahafali.

Mimi ni fundi wa sauti wa filamu na tamthilia, na kabla ya hapo nilipita JKT kwa mujibu wa sheria. Vita sijapigana na sitamani. Lakini kiwanja cha shabaha, pamoja na miaka ya kukata na kuunga sauti za milipuko, vimenipa msimamo mmoja: sini ya mapigano inaaminika kwa vile vitu ambavyo mpiganaji hana. Risasi hazimtoshi, anayempiga hamwoni, masikio yameziba, pumzi imekata. Ukimpa vyote hivyo umepata stelingi wa kibanda umiza. Nampenda sana stelingi wa kibanda umiza, ila huyo hajafika vitani.

Chukua risasi. SMG tunayoijua huku, ya ukoo wa AK, magazini yake ya kawaida inabeba risasi 30, na ukiiachia mfululizo inatema kama 600 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: sekunde 3, magazini nyeupe. Halafu bunduki hiyo haina kizuizi cha kuiacha bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, ibaki nyuma risasi zikiisha, kwa hiyo mpigaji hajui mpaka avute na kusikia "tik". Hiyo tik ni dhahabu kwa mwongozaji. Mwache mwigizaji aisikie, ashuke chini, apapase mfukoni, mkono ukatae kutii, magazini mpya imponyoke. Una sekunde kadhaa za roho mkononi na hujatumia hata shilingi ya madoido. Na wale wanaokoki bunduki kila wanapotaka kutisha mtu: kama risasi ilikuwa tayari chemba, inaruka nje na kuanguka chini. Katupa risasi yake ili apendeze.

Maganda nayo hutoka kulia, na yanatoka ya moto. Kiwanjani unalala mstari mmoja na wenzako, ya aliye kushoto kwako yanakujia wewe. Moja likizama kwenye kola ya kombati unacheza ngoma ambayo afande hajaifundisha, na bado anataka mtutu usigeuke.

Sasa sauti, maana huku ndiko kunakoniuma. Risasi ya SMG inatoka mtutuni kwa kasi ya mita zipatazo 715 kwa sekunde. Sauti hewani inakwenda mita 340 hivi. Maana yake anayepigwa kutoka mbali hasikii kwanza bunduki, anasikia risasi yenyewe ikipasua hewa: "pa!", kavu, kali, juu ya kichwa. Mlio wa bunduki unafuata nyuma, mzito, "du". Niliusikia hivyo nikiwa ndani ya handaki la wanaoinua shabaha, na tangu siku hiyo sijaweza kuvumilia zile "dishum" zinazofanana kutoka mwanzo hadi mwisho wa filamu. Kwa umbali wa mita 300, achanisha hizo sauti mbili kwa kama theluthi ya sekunde. Kwenye programu ya kuhariri ni kuburuta faili kidogo tu kwenda kulia. Ule mpasuko wa kwanza pia unadanganya, unaonekana kutoka upande ambao mpigaji hayupo. Basi waigizaji wako wasigeuke wote kwa pamoja na kumwangalia adui usoni. Walale, mmoja aangalie huku, mwingine kule, wabishane risasi zinatoka wapi.

Mlipuko wa mbali fuata hesabu hiyohiyo. Ukiwa kilomita 1, moshi unaonekana, kisha inapita kama sekunde 3 ndipo kishindo kinafika. Ule mpira wa moto ni petroli ya watu wa sinema. Bomu la mkono likipasuka kuna mwako wa kufumba na kufumbua, vumbi, moshi wa kijivu, na vipande vya chuma ambavyo ndivyo vinavyoua. Habari njema kwa mfuko mdogo: vumbi tunalo. Kompresa ya fundi tairi, bomba, na udongo mkavu uliochekechwa mawe yote yakatoka. Jaribu kwanza bila mtu karibu, na mtu asisimame mbele ya mdomo wa bomba. Unga wa ngano usiuguse, ukikutana na cheche hewani unawaka.

Ukitaka kuiba ujuzi, iba kwa walioufanya vizuri. Ufukwe wa Omaha katika filamu ya Saving Private Ryan ya 1998 ulirekodiwa Curracloe, Wexford, huko Ayalandi, si Normandy, Ufaransa, kwenye ufukwe wenyewe. Watu wanakumbuka damu. Mimi nakumbuka pale masikio ya kapteni yanapoziba na dunia yote inakuwa kama iko chini ya maji. Kule kurukaruka kwa picha nako kuna siri: shata ya kamera, ile inayofungua na kufunga mwanga, ilibanwa hadi digrii 45 na 90 badala ya 180 ya kawaida, hivyo kila chembe ya mchanga inakatwa wazi. Hata simu yenye mipangilio ya mkono inaweza. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, toka kasi ya shata ya 1/50 ya sekunde nenda 1/200, mchana wenye jua la kutosha.

Black Hawk Down ya 2001 nayo ina askari anayezibwa masikio na bunduki ya mwenzake iliyopigwa karibu na kichwa chake, kisha anazurura Mogadishu bila kusikia amri. Safi kabisa. (Mogadishu yenyewe ni Moroko, ndiko walikorekodi.) Lakini Wasomali wa mle ndani wanamiminika barabarani kama hawana mama zao nyumbani. Pambano la kweli, la Oktoba 3 na 4, 1993, liliua Wamarekani 18 na Wasomali mamia. Watu mamia hawafi bila hata mmoja kuogopa, kujificha, kumburuta ndugu yake ukutani. Nakuomba, mpe adui wako woga. Naye risasi zinamwishia.

Mtaani kwetu kuna mzee aliyepigana Vita vya Kagera, alitembea na kikosi chake kuingia Uganda. Nilimwonyesha filamu moja ya vita, nikasubiri aseme kitu kuhusu mizinga. Akaangalia mpaka katikati, akauliza: "Mwanangu, hawa maji wanakunywa saa ngapi?" Kisha akaanza kuzungumzia buti zilizolowa, na jinsi bega linavyochubuka upande wa mkanda wa bunduki. Risasi alizitaja mwishoni, kwa kifupi. Wazee kama yeye bado wapo, wengi tu. Kabla hujaandika mstari, nenda na kilo mbili za sukari ukakae nao.

Kuhema usiwaache waigizaji wakuigizie, haiwezekani. Wajazie mabegi mchanga, wakimbie mita 200, wakifika tu kwenye alama ndipo useme "akshen". Wenye hela humchukua mtu kama Dale Dye, kapteni mstaafu wa kikosi cha Marine cha Marekani, awalaze waigizaji kwenye matope siku kadhaa. Wewe tafuta mstaafu mmoja wa karibu, umlipe vizuri, awafundishe kushika silaha, kidole nje ya kifyatulio, na kutolundikana sehemu moja.

Silaha ziwe za mbao au plastiki, basi. Hata risasi baridi, zile za mlio tu zisizo na kichwa cha chuma, zinaua: mwigizaji Jon-Erik Hexum alikufa 1984 kwa kujifyatulia moja kichwani akitania. Mwaka 2021 huko New Mexico mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwenye filamu ya Rust, kwa bastola ambayo watu waliamini haina risasi ya kweli. Moto wa mtutu utaongezwa kwenye kompyuta.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiwe mkononi. Sare za JWTZ, na hata nguo zinazofanana nazo, msivae bila ruhusa ya jeshi. Shona za jeshi la kubuni, rangi yako mwenyewe. Barua ipelekwe kituo cha polisi na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku kadhaa kabla, na nakala ibaki na mtu anayesimama barabarani, si kwenye gari la vifaa, kwa sababu wa kwanza kuona vijana wenye "bunduki" vichakani atakuwa dereva wa bodaboda, na yeye hatauliza kama ni filamu.