Mafuta ya mbono kaburi kwenye pikapu ya dizeli

Ndugu, umeuliza kama pikapu yako ya dizeli inaweza kutumia mafuta ya mbegu za mbono kaburi (jatropha) uliyokamua mwenyewe. Yakiwa mabichi, usithubutu. Ni mazito mno kuliko dizeli: nozeli zinazonyunyiza mafuta kwenye injini zitaziba, na asubuhi ya Julai huko kwenu Njombe yatagoma kupita kwenye filta.

Yakichakatwa kwa methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki soda yakawa biodizeli, hapo tunaongea. Moshi mweusi hupungua na pampu hupata ulainisho, ingawa pikapu itakula mafuta mengi zaidi kidogo. Ila biodizeli huzoa uchafu wote wa tangi kuukuu, kwa hiyo beba filta ya akiba. Mipira ya zamani ya kupitishia mafuta nayo huvimba. Ichungulie kwenye maungio.

Mimi ningeanza na lita moja ya biodizeli kwa nne za dizeli. Mbegu zifungie, ni sumu kwa watoto.