Gari lenye kilomita 214,000: fungua boneti kabla ya kuwasha

Gari langu ni Toyota Corolla yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 inayopatikana kwenye magari mengi ya Toyota yanayotembea hapa Dar es Salaam. Limeshapita kilomita 214,000. Mwaka jana, jioni moja, lilichemka kwenye foleni ya Mwenge. Nilizima injini, vijana wa bodaboda wakanisaidia kusukuma hadi pembeni, nikakaa karibu saa nzima nikisubiri ipoe.

Fundi wa kwanza alitoa thamostati, vali ndogo inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupozea injini. "Dada, Dar hakuna baridi, hii ina kazi gani?" Nikamwamini. Baada ya wiki mbili nikaanza kuona mambo mawili. Usiku nikirudi kwa Barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu, mshale wa joto unalala chini kabisa na mafuta yanakwisha haraka kuliko zamani. Lakini mchana, kwenye foleni, gari linachemka vilevile.

Ndipo nikakaa na kitabu cha gari. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Ukiitoa, gari likishika mwendo injini inapoa kupita kiasi, kompyuta inadhani bado ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kuongeza mafuta. Joto la Dar ni la nje. La ndani ya injini ni habari nyingine. Tafadhali, fundi akitaka kuitoa, mwambie anunue nyingine afunge.

Na kilichokuwa kinachemsha gari? Kifuniko cha rejeta. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekakamaa na kupasuka. Kifuniko kisicho na kasoro hufunga presha ndani ya mfumo, na maji yaliyo kwenye presha hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia mpaka karibu 120. Mpira ukifa presha inatoka, maji yanachemka mapema na kumwagika. Nilinunua kingine Kariakoo, nikahakikisha namba ya presha iliyoandikwa juu inalingana na ya zamani. Kukifunga hakuhitaji spana. Kinahitaji injini iliyopoa kabisa, kwa sababu ukikifungua injini ikiwa ya moto mvuke utakuunguza uso.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa maji. Kwa miezi nilikuwa naongeza maji ya kisima, na visima vingi vya mji huu vina chumvi. Nilipofungua koki ya chini ya rejeta yalitoka maji ya rangi ya kutu. Nilisuuza kwa maji ya kunywa ya dumu mpaka yakatoka meupe, nikajaza kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyokwisha kuchanganywa, nikaiacha injini iunguruke kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la mwisho, mpaka feni ikawaka na mapovu yakaisha. Kulanti ya zamani usiimwage uani: ni sumu na ina ladha tamu, paka au mtoto anaweza kuilamba.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kuwasha, nafungua boneti. Dakika tatu tu. Naangalia kulanti kwenye chupa yake, natoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nafuta, narudisha, natoa tena. Mara mojamoja nafungua na kifuniko cha oili: chini yake ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, usiendeshe mbali, huenda maji yanaingia kwenye oili na hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kisha nainama kutazama ardhi ilipolala gari. Tone jeusi ni oili, jekundu ni la giaboksi au la stelingi, la waridi au kijani ni kulanti.

Oili nabadilisha mwenyewe kila kilomita 5,000, kwa sababu injini inayounguruma kwenye foleni inafanya kazi hata kama kilomita hazisogei. Injini hii haina mkanda wa taiming, ule unaozifungua vali kwa wakati wake, ina cheni, na kinachoikaza cheni ni presha ya oili. Oili ikipungua au ikigeuka tope, asubuhi unasikia krrr fupi unapowasha. Inaingia kama lita 3.7 pamoja na filta mpya. Nati ya chini ya kumwagia oili kaza kwa kiasi, usiipande kwa mguu, utaharibu uzi wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili chafu nairudisha kwenye dumu na kuipeleka gereji. Ukiimwaga mtaroni inaishia Mto Msimbazi au baharini.

Hapa naomba mnisikie: msiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Uani kwangu ni mchanga, kama nyumba nyingi za huku, na jeki ilizama nikiwa bado nimechuchumaa pembeni. Tangu siku hiyo naweka ubao mzito chini ya jeki, stendi mbili za kushikilia gari nazo juu ya mbao, na jiwe nyuma ya tairi. Stendi nunueni kabla ya spana.

Plagi pia nabadilisha mwenyewe, injini ikiwa baridi: spana ya kumi inatosha kutoa koili zote nne zinazozipa plagi umeme, kisha soketi ya plagi. Breki, stelingi na giaboksi nampelekea fundi, ila nasimama pale na spea ya zamani naomba niione. Kwenye dashibodi kuna daftari dogo: tarehe, kilomita, nini kimebadilishwa, bei. Fundi wangu wa sasa huanza kwa kulisoma hilo kabla hajaomba ufunguo.