Mstari Mmoja, Kisha Kimya: Majibu kwa Wasomaji Wawili

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi mjini Moshi, na ni Mlutheri tangu kuzaliwa. Tangu mama yangu afariki mwaka jana sijapata usingizi wa maana, na hata ibadani, kwa jinsi spika zinavyofunguliwa, narudi nyumbani kichwa kinauma. Mwezi uliopita jirani yangu Mkatoliki alinialika parokiani kwao kwenye sala ya Ijumaa jioni wanayoiita sala ya Taizé. Taa zilizimwa, mishumaa ikawashwa, tukaimba mstari mmoja kwa muda mrefu, kisha tukakaa kimya. Mwishoni msalaba ulilazwa sakafuni, na kila aliyetaka alisogea kwa magoti akaweka paji la uso juu yake. Nililia mpaka kitenge kikalowa, na usiku ule nililala. Nilipomsimulia mzee mmoja wa kanisa letu, aliniambia kuwa kurudiarudia maneno ni kule kupayuka-payuka alikokukataza Bwana Yesu, na kwamba mishumaa si mambo yetu. Je, nimekosea?
*Muuguzi, Moshi*

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa msiba wa mama. Hukukosea. Nianze na historia, kwa sababu sala uliyoikuta parokiani kwa jirani yako haikuanzishwa na Wakatoliki. Taizé ni kijiji kidogo kilicho juu ya kilima katika jimbo la Burgundy nchini Ufaransa, na aliyekifanya kijulikane duniani ni Roger Schutz, Mswisi, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alifika pale mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 25, wakati Ufaransa ilikuwa imekwisha kushindwa vitani, akanunua nyumba na kuwaficha humo wakimbizi, Wayahudi wakiwamo. Mwaka 1942 ilimbidi aondoke, akarudi mwaka 1944 pamoja na wenzake wa kwanza, na siku ya Pasaka ya mwaka 1949 wanaume saba waliweka ahadi ya kuishi pamoja maisha yao yote bila kuoa na bila mali binafsi. Wote saba, ambao huitwa ndugu, walikuwa Waprotestanti; ndugu Wakatoliki walijiunga baadaye. Kwa hiyo jirani yako amekurudishia kitu ambacho kwa sehemu kubwa kilitoka upande wenu. Na kuhusu mishumaa, mwombe mzee wako aitazame madhabahu ya kanisa lenu Jumapili ijayo.

Suala la kurudiarudia ni zito zaidi, na mzee hakulitoa hewani. Mathayo 6:7 inasema wazi: "msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa; maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi." Lakini soma sababu iliyotolewa. Kinachokatazwa ni kudhani kwamba Mungu atashindwa na wingi wa maneno yetu, kana kwamba ni hakimu asiyetaka kutoa hukumu. Bwana aliyesema hayo ndiye ambaye, kwa mujibu wa Mathayo 26:44, aliomba kule Gethsemane mara ya tatu "akisema maneno yale yale." Na Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa kusema kwamba fadhili zake ni za milele. Aliyeitunga hakuwa amepungukiwa na maneno. Alitaka hilo moja liingie mpaka kwenye mifupa, na mtu hawezi kulipata kwa kulisoma mara moja akapita.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui kuhusu nyimbo zile. Miaka ya 1970 vijana walianza kumiminika Taizé kutoka nchi nyingi, na ndugu wakaona kwamba zaburi ndefu za Kifaransa zinawaacha wageni wamekaa kama watazamaji. Ndipo wakamwomba Jacques Berthier, mpiga kinanda wa kanisa moja mjini Paris, awatungie mistari mifupi, mingi kwa Kilatini, lugha ambayo haikuwa ya mtu yeyote kati ya wale waliokuwapo, ili kila mmoja aweze kuishika kwa dakika moja na kuimba pamoja na wengine. Kurudia kule kulitokana na ukarimu kwa wageni. Hata wewe uliyeingia kwa mara ya kwanza ulikuwa ukiimba kabla hujajua unaimba nini, sivyo?

Kuhusu machozi yako, nasema kwa uangalifu, maana sikukuona. Mimi nilikaa wiki moja Taizé nikiwa kijana, na Ijumaa usiku nilipiga foleni kwa magoti nyuma ya mama mmoja mzee ambaye viatu vyake alikuwa amevishika mkononi. Alipofika alilaza paji la uso juu ya ubao wa msalaba, akakaa hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha, wala waimbaji hawakuacha kuimba. Nilielewa pale kwamba kimya hakiniletei huzuni. Huzuni ilikuwamo siku zote, imekaa chini ya kelele, na sasa imepata mahali pa kuinua kichwa. Nadhani ndivyo ilivyokutokea. Tangu msiba umekuwa ukihudumia wagonjwa zamu baada ya zamu, na huenda Ijumaa ile ndiyo ilikuwa saa ya kwanza ambayo hukuwa ukihudumia mtu.

Amani hiyo, hata hivyo, usidhani ni ya watu waliojificha na shida za dunia. Tarehe 16 Agosti 2005, wakati wa sala ya jioni, mwanamke mmoja mgonjwa wa akili alimchoma kisu Ndugu Roger, mzee wa miaka 90, mbele ya umati wa watu waliokuwa wakiimba, akafa. Kwenye mazishi, Ndugu Alois aliyemrithi alimwomba Mungu amsamehe mwanamke yule kwa kuwa hakujua alitendalo. Maneno kama yale hayazuki siku ya mazishi. Watu hawa walikuwa wamekaa miaka mingi mara tatu kwa siku mbele ya msalaba uleule.

Basi endelea kwenda, na Jumapili uendelee kuhudhuria kwenu. Mweleze mchungaji wako. Na kama usingizi utaendelea kukukimbia, mwone daktari, kama ambavyo wewe mwenyewe ungemshauri mgonjwa wako. Sala na matibabu havigombani.

SWALI: Mwalimu, salamu katika Bwana. Sisi ni vijana wa makanisa matatu tofauti hapa Nakuru, na tunataka kuanzisha sala ya namna hii. Tulijaribu mara moja. Hatuna kinanda, mishumaa ilimwagika kwenye zulia la kanisa, na kimya cha dakika kumi kilipoanza baadhi walicheka na wengine wakatoa simu. Tufanyeje?
*Kiongozi wa vijana, Nakuru*

JIBU: Nimefurahi kuona kwamba ni makanisa matatu, na kwamba ni Nakuru. Novemba 2008, ndugu wa Taizé waliwaalika vijana wa nchi mbalimbali za Afrika kwenye mkutano Nairobi, wakapokewa katika nyumba za familia, mwaka uleule ambao Kenya ilianza kwa damu ya baada ya uchaguzi. Wazee wenu hawajasahau majuma yale ya Januari mjini kwenu. Vijana wa Nakuru kukaa sakafuni pamoja, bila kuulizana kabila wala dhehebu, si jambo dogo.

Kinanda hakihitajiki. Gitaa moja linatosha, na hata bila gitaa sauti nne za kwaya zitabeba wimbo. Anayeanzisha asisimame mbele akipunga mikono. Aketi katikati ya watu, akiuelekea msalaba kama wao. Chagueni nyimbo tano au sita tu, na walau mbili ziwe za Kiswahili. Ombi la yule mhalifu msalabani, "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako," linaimbika vizuri likipewa tuni nyepesi. Baada ya nyimbo mbili au tatu isomwe zaburi, kisha somo fupi la Injili ambalo mtoto anaweza kulielewa, na hapo pasiwe na mahubiri. Najua itawawia vigumu wachungaji wenu, lakini waombeni kwa heshima wakubali kuketi na kusikiliza.

Baada ya somo, wimbo mmoja, halafu kimya. Mlikosea kuanza na dakika kumi kwa watu ambao hawajazoea hata moja. Anzeni na tatu. Waelezeni mapema, kabla ya kuingia kanisani, kwamba mawazo yatatangatanga, na kwamba hilo si dhambi wala dalili ya kushindwa. Mtu akigundua kuwa amefika sokoni, aurudie ule mstari aliokuwa akiuimba, polepole, moyoni. Eliya aliupitia upepo, tetemeko na moto kabla ya kusikia "sauti ndogo, ya utulivu." Simu ziwekwe kwenye kikapu mlangoni, kwa hiari. Wanaocheka msiwakemee, kwani wengi hucheka kwa sababu wanaogopa, na safari ya tatu au ya nne wataacha.

Mishumaa iwekeni ndani ya karai lenye mchanga mkavu au katika mitungi ya kioo, mbali na mapazia, na kijana mmoja apewe kazi ya kuiangalia tu. Baada ya kimya yafuate maombi mafupi, Baba Yetu, na nyimbo za mwisho. Wala msitangaze kwamba sala imekwisha. Taizé watu huendelea kuimba mpaka usiku, kila mmoja akiondoka kwa wakati wake, na mara nyingi anayebaki mwisho ndiye aliyekuja na mzigo mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo ufunguo wa kanisa mpeni mtu asiye na haraka.