Kila Unachokitoa Kilikuwa na Kazi

Pikipiki ya kwanza niliyoigeuza kuwa kafe resa, yaani pikipiki iliyopunguzwa vyuma na kushushwa usukani ifanane na ya mashindano, ilikuwa Honda CG125 ya zamani, ile ya umeme wa volti 6. Niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa bwana shamba, na ilikuwa ikiwaka kiki ya tatu bila maneno. Siku ya pili yake ilikuwa imeshalala vipande vipande juu ya turubai, mimi nimeshika grainda, na sijaiendesha hata kilomita moja. Ilipokuja kuunganishwa upya ikawa inatetemeka, inakohoa na kuvuta upande wa kushoto. Sikujua lipi ni la mzee na lipi nimelizaa mwenyewe.

Kwa hiyo wewe unayeanza, iendeshe kwanza kama ilivyo. Mwezi mzima ikiwezekana. Jua inavyoshika breki, inavyokaa kwenye kona, inavyowaka asubuhi ya baridi. Andika kwenye daftari, piga picha za kila waya unakopita na kila bolti ilipokaa. Ukishaanza kukata, hizo picha ndizo zitakazokukumbusha.

Mtindo wenyewe ulikuzwa na vijana wa Uingereza miaka ya 1950 na 1960, waliokuwa wakikusanyika kwenye vijiwe vya barabarani kama Ace Cafe, pale North Circular Road, London. Shabaha yao ilikuwa kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Walishusha usukani, walisogeza pedeli za miguu nyuma, walitoa kila chuma kisichosaidia mwendo. Lakini angalia walichokuwa wakirudisha. Triton, pikipiki iliyopata sifa kuliko zote katika kundi hilo, ni injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton iitwayo Featherbed. Injini ya Triumph ilikuwa na nguvu, fremu ya Norton ilikuwa inatulia kwenye kona. Walitoa kizuri wakaweka kizuri zaidi. Sisi tunaoanza tunatoa, basi. Na CG125 yenye sentimita za ujazo 124 haifiki maili 100 hata ukiiachia mteremko wa Kitonga, kwa hiyo kisingizio cha kupunguza uzito kiweke pembeni. Unafanya kwa sababu inapendeza, na hilo si kosa.

Nianze na madigadi ya mbele, maana ndiyo iliyonitisha. Niliitoa siku ya kwanza, bati na mabano yake yote. Pikipiki ikaonekana nyepesi, ya kijana. Kisha nikashika breki kwa nguvu mbele ya daladala iliyosimama ghafla, na gurudumu la mbele likacheza kama mkia wa mbuzi. Nilifungua koni za usukani, nikabadilisha beringi, nikakaza spoku moja moja. Wapi. Fundi mzee wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akaniuliza swali moja tu: “Chuma kilichofunga shokapu hizi mbili pamoja kiko wapi, mwanangu?” Mabano ya madigadi yanazishika shokapu za mbele zisipishane wakati breki inavuta upande mmoja. Bati unaweza kulifupisha utakavyo. Mabano yarudishe, au chonga mengine ya bamba nene.

Boksi la eya klina nalo kila mtu analitoa, ili pale katikati chini ya siti pabaki wazi, paonekane anga. Weka basi kichujio cha kibonge kwenye mdomo wa kabureta, lakini ujue kabureta ile ilipangwa pamoja na boksi lile. Hewa ikiingia kwa urahisi zaidi, petroli inakuwa kidogo kulinganisha na hewa, na injini inachemka. Utaisikia ikipiga mabomu kwenye ekzosi ukiachia mafuta. Ukifungua plagi utaikuta nyeupe kama chaki. Wengi wanaishia kupandisha sailensa, ule mngurumo wa injini ukiwa hujavuta mafuta, ili isizimike, na tatizo linabaki palepale.

Dawa ni jeti, kile kijitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Nunua kubwa, lakini panda hatua moja moja, usirukie. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, fungua mafuta yote kwa muda, kisha bana klachi na uzime injini papo hapo, usiiache ingurume njiani kurudi. Kando ya barabara fungua plagi. Ikiwa na rangi ya biskuti, umefika. Ikiwa nyeusi ya masizi, umepitiliza. Kama kasoro iko katikati, mafuta yakiwa nusu, usiguse jeti hiyo. Inua sindano ya kabureta kwa kushusha kile kibanio chake tundu moja. Mimi nilitumia Jumamosi nne na plagi tatu. Na ukibadilisha ekzosi baadaye, unaanza upya, kwa hiyo amua ekzosi kabla ya kabureta.

Kuhusu kuzungushia ekzosi ile bandeji nyeupe ya kukinga joto: kwa mji wenye unyevu na chumvi ya bahari kama Dar es Salaam, inakaa na maji na bomba linaoza ndani kwa ndani. Sitaki hata kubishana.

Sasa fremu. Hapa ndipo pikipiki nyingi zinapofia. Watu wanakata mkia, wanachomelea bomba lililopindwa nusu duara ili siti ikae fupi na tambarare, mstari mmoja na chini ya tanki. Ni kweli mstari huo ndio unaoipa kafe resa sura yake, ukipinda kidogo jicho linakataa. Ila usikate mbele ya mahali shokapu za nyuma zinaposhika. Mkia wa fremu umezifunga nguzo mbili za pembeni pamoja. Ukiukata bila kurudisha kitu cha kuzifunga, nguzo zinatanuka. Bomba jipya liwe na unene wa lile la zamani, na ndani ya maungio ingiza kipande cha chuma kigumu kabla ya kuchomelea, si kugusisha ncha kwa ncha.

Kabla hujachomelea moja kwa moja, shikiza kwa nukta mbili tatu kisha fanya jaribio hili. Pima chuma kinachong'aa cha shokapu, sehemu inayozama. Fungua bolti za chini, inua gurudumu la nyuma kwa umbali huo, ongeza vidole viwili. Likigusa bomba au waya wa taa ya nyuma, umekata chini mno. Mimi sikupima. Tuta la kwanza lilinikatia waya, nikarudi nyumbani gizani bila taa ya nyuma.

Na kabla ya grainda kugusa chochote, tafuta namba ya chesesi shingoni mwa fremu, uifunike kwa utepe. Ukiila kwa grainda, au ukaizika chini ya rangi nzito, mbele ya trafiki una chuma kisicho na mwenyewe. Vivyo hivyo rangi: kadi ikisema bluu na wewe umepaka nyeusi, utaeleza sana. Shughulikia kadi kwanza, ndipo upake.

Usukani wa chini una mambo madogo yanayouma. Waya za klachi, breki na mafuta zilikatwa kwa urefu wa usukani wa juu. Ukiushusha zinabaki ndefu, zinajikunja, na mahali pa kujikunja ndipo zinapokwama. Washa injini, iache sailensa, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mngurumo ukipanda, waya wa mafuta unavutwa. Usitoke nje ya geti hivyo. Angalia pia vidole vyako visibanwe kati ya usukani na tanki. Vikibanwa, ongeza chuma kwenye vile vizuizi vya shingo ili usukani ugeuke kidogo pungufu. Utapata shida kugeuza kwenye uchochoro, lakini tanki halitabonyea.

Ukishusha usukani bila kurudisha pedeli za miguu nyuma, uzito wote unakuja viganjani. Kutoka Mbagala mpaka Posta kwenye foleni utajuta. Ukirudisha pedeli, leva ya gia inahitaji fimbo ya kuiunganisha, na ikikaa kinyume gia zinageuka: ulipozoea kukanyaga, unanyanyua. Jaribu uwanjani kwanza.

Tanki lina kutu ndani, hilo usiulize. Mimina siki, acha siku mbili tatu, tikisa na nati chache, mwaga, kisha suuza kwa maji yenye magadi ili asidi ife, kausha haraka kabla kutu mpya haijashika. Nati zihesabu zinapoingia na zinapotoka. Kama lina tundu linalohitaji moto, sikiliza vizuri: tanki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Kulikausha juani hakutoshi. Mpelekee fundi anayejua matanki, na ukimwona anataka kuliwekea moto kavu hivyohivyo, chukua tanki lako uondoke. Usione haya.

Umeme wengi wanauogopa, nami nautetea: ndiyo kazi rahisi ukiwa na subira. Kwenye Honda hizi waya wa kijani ni wa bodi, mwekundu unatoka betri, mweusi unapata umeme swichi ikiwashwa. Taa zikififia au indiketa zikiwaka zote kwa pamoja, anza na kijani. Rangi mpya uliyopaka kwenye fremu kwa madaha ndiyo imezuia umeme; kwangua palipofungwa bolti, mpaka chuma king'ae.

Nilipata somo gumu kwenye betri. Nilitaka kuificha, nikaona haiingii popote, nikaiondoa. Injini ikawaka vizuri, nikajisifu. Usiku huohuo balbu ya nyuma ikaungua, nikaweka nyingine, ikaungua. Kwenye pikipiki hizi ndogo za volti 6 betri haikai pale kwa ajili ya honi peke yake: inameza umeme unaozidi injini ikikimbia. Bila betri, ziada yote inaishia kwenye balbu. Sasa inakaa ndani ya mgongo wa siti, kwenye kiboksi cha bati nilichokitandika mpira wa tairi la ndani.

Siti nilichongewa na fundi makochi, sponji ngumu juu ya faiba. Mwambie umekaaje, si inaonekanaje. Sponji laini ya kochi inalala baada ya wiki mbili. Breki usiniulize kama ni lazima. Fungua madramu, tazama viatu, badilisha, na ufanye hivyo kabla ya kununua hata kopo moja la rangi.

Chochote unachotoa usimpe mtu wa vyuma chakavu. Mimi nilikuwa na kiroba cha mbolea, nikatupia humo kila kitu. Mabano ya madigadi yalitoka humo wiki ya tatu. Kava la cheni likafuata masika yalipoanza, maana cheni iliyokuwa ikikaa miaka kwa yule mzee kwangu ilianza kulia ndani ya mwezi, imejaa mchanga. Madigadi ya nyuma nayo ikatoka, nikaikata nusu, baada ya mstari wa tope kunichora kuanzia kiunoni mpaka kisogoni nikienda kwenye kikao. Kiroba bado kiko nyuma ya mlango. Ndani yake kuna usukani wa zamani, boksi la eya klina, kava mbili za pembeni, na siti ndefu ambayo mke wangu ameshaiulizia mara mbili.