Wasomaji Wauliza: Land Rover la turubai linapolala nje

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wenye magari ya kizamani yasiyo na paa la bati. Tumechagua nne.

Habari za kazi, mafundi. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, juu ni turubai. Siku za soko naliegesha Mwanjelwa kutwa nzima. Nimebadilisha vitasa, lakini turubai limechanwa kwa wembe. Nitafute kitasa cha aina gani?
*Msomaji, Mbeya*

Achana na vitasa, ndugu yetu. Anayechana turubai hahitaji mlango, na kulishonesha upya kutakugharimu kuliko ulichokuwa umekiacha ndani. Egesha gari likiwa tupu, milango usiifunge, kadi ya gari tembea nayo. Hela yako iweke kwenye mambo mawili: injini isiwake, na gari lisisukumike.

Swichi ya siri wanayofunga mafundi wengi hukata waya mweupe unaotoka kwenye swichi ya funguo kwenda koili, kile kinachokuza umeme wa plagi. Hiyo huwazuia wanaobahatisha tu. Anayejua kudairekti huvuta waya kutoka betri hadi upande wa chanya wa koili, na swichi yako inakuwa imerukwa. Sisi tungekushauri ushughulike na upande wa pili, yaani ule waya mweupe wenye mstari mweusi unaotoka koili kwenda distributa, kigawa moto wa plagi. Unga hapo waya mwingine wa milimita 1.5 za mraba, uupitishe katikati ya nyaya za zamani hadi kwenye swichi iliyofichwa, kisha kutoka kwenye swichi uufunge kwenye bodi. Ukiiwasha, platini, yaani vile vidude vya ndani ya distributa vinavyokata na kuunga umeme wa koili, zinakuwa kama hazipo, na plagi hazipati moto. Stata itazunguka mpaka betri ichoke. Mwizi ataona gari ni bovu tu.

Ila njia hii ni ya distributa ya platini pekee. Kama ulishabadilisha ukaweka moduli ya kielektroniki, njia hii iache, rudi kwenye waya mweupe. Angalia pia pale waya unapopita kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na kabini: bila raba ya kuukinga utachubuka, utagusa bodi, na gari litazima njiani hata swichi ukiwa umeizima. Barabara za vumbi za huku kwetu humaliza kazi hiyo mapema. Swichi yenyewe iwe mbali na goti la abiria.

Gari likilala nje, ondoa kabisa rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa. Fungua zile bana mbili za kifuniko cha distributa, nyanyua kifuniko, vuta rota kwa vidole kwenda juu, iviringishe kwenye kitambaa uondoke nayo. Unaporudisha kifuniko, tazama kile kikaboni kidogo cha katikati. Kikivunjika, injini itakosa moto, utahangaika na plagi bure.

Yote haya ni kazi bure kama boneti inafunguliwa na yeyote kwa nje, na ya Series III ndivyo ilivyo. Inahitaji sikio la chuma na kufuli. Boneti ni alumini, kwa hiyo usikubali fundi aje na mashine ya kuchomelea vyuma. Funga sikio kwa bolti nne za M8, na upande wa ndani uweke bamba la chuma la milimita 3, la sivyo bolti zitang'oka pamoja na alumini. Katikati ya chuma na alumini weka kipande cha raba au rangi nzito. Bila hivyo, kwa mvua za Mbeya, alumini italiwa ikawa unga mweupe.

Shikamooni. Langu ni dizeli ya zamani, injini inazimwa kwa kuvuta nobu. Naishi Gangilonga na ninaegesha kwenye mteremko. Fundi aliniwekea swichi ya kukata umeme wa betri. Je, inatosha?
*Msomaji, Iringa*

Marahaba. Haitoshi hata kidogo. Injini hiyo ikishaanza kuzunguka haihitaji umeme. Mwizi anaachia breki, gari linaserereka, anaingiza gia ya pili, huyo anakwenda zake bila funguo. Hata hiyo swichi yenye ufunguo mwekundu wa plastiki mara nyingi hufunguliwa na ufunguo wowote wa aina hiyo unaouzwa dukani.

Dawa yako iko kwenye nobu yenyewe. Ivute hadi mwisho, halafu bana fimbo yake kwa kikola cha chuma chenye kufuli dogo ili isirudi. Pampu itabaki imefungwa, dizeli haifiki kwenye nozeli. Mwizi mjuzi atafungua boneti aachie mkono wa pampu, kwa hiyo la sikio na kufuli hapo juu linakuhusu na wewe. Kufunga koki ya dizeli hatukushauri: injini itatembea na mafuta yaliyobaki kwenye filta, kisha itavuta hewa, na asubuhi kazi ya kutoa hewa ni yako.

Sasa mteremko. Breki ya mkono ya Land Rover inashika propela, ile shafti ya kwenda nyuma, haishiki magurudumu. Gurudumu moja la nyuma likinyanyuliwa kwa jeki, gari linaweza kuserereka hata breki ikiwa imevutwa. Na ile gia ndogo ya kuchagua heavi, yaani mwendo wa nguvu, ikiwa nyutro, gia kubwa uliyoingiza haizuii chochote. Ingiza zote mbili, geuza magurudumu ya mbele yaelekee ukingo wa barabara, weka kigingi, kisha pitisha cheni kwenye usukani na pedali ya klachi. Cheni iwe ya chuma kigumu, unene usipungue milimita 10, na kufuli liwe la kuficha upinde. Cheni nyembamba ya kufungia baiskeli inakatwa kwa mkasi wa vyuma kabla mlinzi hajageuka.

Nimefunga kifaa cha kufuatilia gari kwa simu. Gari likikaa mwezi bila kutembea, betri inakufa. Na wakati mwingine halionekani kabisa.
*Msomaji, Njombe*

Piga hesabu. Kifaa kinachovuta miliampea 50 kinakula Ah (ampea kwa saa) 1.2 kwa siku. Betri ya Ah 70 ikikaa siku 30 imepoteza Ah 36, nusu yake, na asubuhi za baridi ya Juni nusu haiamshi dizeli. Pima kwa mita, ukianzia kwenye tundu la ampea 10. Vifaa vingi vinaweza kuamriwa kulala gari linaposimama. Waya wake mwekundu uanzie kwenye betri kabla ya swichi ya kukata umeme, ukiwa na fyuzi ya ampea 2 au 3.

Kutoonekana, kwanza angalia laini: isipowekwa salio inafungwa. Pili, kama kifaa kimefichwa chini ya boneti, kitoe. Turubai halizibi setilaiti, bati ndilo linaloziba. Kiweke chini ya dashibodi, uso wake ukitazama juu.

Je, bima ndogo italipa gari likiibiwa? Na tairi la akiba juu ya boneti nilifanyeje?
*Msomaji, Tukuyu*

Bima ndogo hailipi wizi wa gari lako, ni ya madhara unayowasababishia wengine. Wizi uulizie kwenye bima kubwa, na uliza mapema kama wanakubali gari la turubai linalolala nje.

Tairi la akiba: nati moja kati ya zinazolishika iwe ya usalama, yenye ufunguo wake, kwani zile za kawaida zinafunguka kwa spana yoyote ya 27. Ufunguo usiuache garini. Chora pia namba ya gari kwenye ringi, taa na vioo, kama wanavyofanya wenye magari ya mjini. Taa yenye namba ya mtu mwingine ni ngumu kuiuza.