Quackser Fortune ya 1970: kwa nini wakusanyaji wanaigombania

Mkuu uliyeuliza kama ile filamu ya komedi ya Dublin, Ireland, Quackser Fortune Has a Cousin in the Bronx, inafaa kutafutwa au ni mbwembwe za wakusanyaji wa vitu vya sinema tu, mi bango lake ninalo ukutani sebuleni na kila mgeni lazima aulize huyu mwenye nywele timtim ni nani.

Ni Gene Wilder, kabla hajawa Willy Wonka, yule mwenye kiwanda cha chokoleti, maana filamu hiyo ilikuja 1971. Humu ni kijana wa Dublin hataki kabisa kazi ya kiwandani, yeye na mkokoteni wake anafuata magari ya farasi yanayopeleka maziwa, anazoa mavi halafu anawauzia kina mama samadi ya maua, na maisha yanaenda. Anazama kwa binti wa Kimarekani anayesoma chuo cha Trinity College, ndo Margot Kidder huyo, Lois Lane wa Superman ya 1978. Basi farasi wanaondolewa, malori yanaingia, biashara kwisha. Unacheka huku unamwonea huruma.

Sasa utamu wa mkusanyaji uko kwenye majina. David Kelly yumo, na 2005 akaja kuwa babu Joe kwenye Charlie and the Chocolate Factory, hadithi ileile ya Wonka, yani Wonka wa zamani na babu Joe wa baadaye wako filamu moja na wakati huo hakuna aliyejua! Muongozaji Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow India, ndo aliongoza hadithi ya kwanza kabisa ya Doctor Who, tamthilia ya TV ya Uingereza, 1963, kwa hiyo mashabiki wa kule nao wanaitaka. Mi lakini kilichonishika ni Dublin yenyewe, wamepiga picha mitaani kwelikweli.

Ukinunua bango la Kimarekani angalia chini pembeni, yale ya enzi hizo mengi yana namba inayoanza na mwaka, 70 kisha mkwaju (/), ukikuta R mbele ujue ni la kurudishwa sinema baadaye, na hii ilirudishwa kwa jina Fun Loving. Mikunjo isikutishe, zamani yalisafirishwa yamekunjwa, mi lililonyooka kama limetoka kiwandani jana ndo nalitilia shaka. Reli za milimita 35, yani ile mikanda ya filamu yenyewe, achana nazo, rangi za miaka ile nyingi zimeshageuka wekunduwekundu, labda kama una projekta na hela ya kuchezea.