Barua kwa mwanangu: jaza friza kabla mtoto hajafika

Marahaba mwanangu. Meseji yako mwanzo ilinichekesha, nilivyoirudia nikaona kumbe unauliza la maana. Mkeo yuko wiki za mwisho, mama yako goti halimruhusu kuja Dar kukaa naye arobaini kama alivyokaa na dada yako, kwahiyo unataka kupika mapema ugandishe, ila shangazi yake mkeo anasema mzazi halishwi chakula cha kwenye barafu, na wewe hujui kama kuna faida ya kweli au unajichosha bure bora mle tu chipsi za kununua.

Faida ipo baba, na kubwa kuliko zote wala sio hela. Ni saa kumi na mbili jioni. Umetoka kazini na foleni ya Kimara unaijua, mtoto analia, mkeo tangu usiku hajafumba jicho, halafu ndo uanze kuchagua mawe kwenye maharage? Maharage yatataka saa mbili zake zilezile, hayana habari kwamba mna mgeni ndani. Kama yameshachemshwa na yako kwenye friza, unakaanga kitunguu, unayatumbukiza, ugali ukiiva na mboga imeiva. Mimi nimepika hotelini mpaka nimestaafu na sijaona hoteli inayoanza kuchemsha mifupa wakati mteja ameshakaa mezani, kazi ndefu inafanywa asubuhi watu wakiwa na nguvu, jioni ni kumalizia tu. Nyumbani tunafanya kinyume halafu tunashangaa mama wa nyumba ana hasira.

Sasa hapo ndo namjibu shangazi, na mwambie kwa heshima, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Mzazi anatakiwa ale cha moto na kilichopikwa vizuri, uji wa pilipili manga upike palepale, mchicha nunua gengeni siku hiyohiyo. Usigandishe mlo mzima kama wanavyofanya kwenye video za mtandaoni, sahani ina wali, mboga na kachumbari, vyote barafu. Wewe gandisha kile kinachokula muda, yaani maharage, nyama, supu, na sosi ya nyanya. Ugali, wali na majani kila siku yapikwe mapya, wala hayachukui muda.

Anza na maharage. Loweka kilo mbili usiku, asubuhi mwaga yale maji, chemsha mpaka yalainike kabisa, chumvi kidogo, basi, nazi usitie. Tui likigandishwa linakatika, ukija kupasha unaona maji pembeni na mabonge pembeni, kwahiyo nazi utakunia siku ya kula. Kilo moja kavu ikiiva inakuwa zaidi ya kilo mbili, kwa watu wawili na mgeni mmoja hizo ni jioni nyingi tu. Na gesi ndo utaona tofauti hapo, kwasababu kilo mbili zinakaa motoni karibu muda uleule wa nusu kilo, sasa ukichemsha nusu nusu mara nne mtungi utakwisha ukabaki unalalamika bei.

Sosi nayo hivyohivyo. Ukipita sokoni ukakuta nyanya za sado zimeshuka bei chukua nyingi, maana mvua zikichanganya utazinunua za kuhesabu. Kaanga vitunguu vingi na saumu, tia nyanya, karoti na hoho, acha zikauke mpaka mafuta yaelee juu, hapo ndo imeiva, ukiwahi kuepua itakuja na maji mengi na uchachu. Hiyo sosi moja ni mchuzi wa nyama, ni mchuzi wa samaki, ni rosti ya maini, unaamua siku hiyo.

Halafu mtori. Mkwe wangu ni Mchaga, ukimpa mtori hata shangazi atanyamaza. Mtori unakubali friza vizuri sana kwasababu ndizi zenyewe zinapondwa, hakuna cha kuharibika umbo. Tafuta ndizi mshare, nyama ya mfupa iive mpaka iachie, ponda, gandisha bila maziwa, maziwa utie wakati wa kupasha. Supu ya kuku wa kienyeji pia gandisha, kuku yule anajua kutumalizia gesi. Viazi mbatata vya vipande acha, vikitoka kwenye barafu vinakuwa kama sponji, na mayai ya kuchemsha usijaribu.

Sasa nisikilize hapa kwenye kupoza maana ndo watu wanapojilisha sumu. Sufuria ya moto haiingii kwenye friza, itapasha vitu vingine vyote na katikati yake itabaki vuguvugu masaa. Na pia usiiache juu ya jiko mpaka asubuhi eti ipoe, kwa joto la Dar! Tuliambiwa jikoni chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili nje. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji yakipata moto, kikishapoa gawa kidogokidogo. Baridi inawalaza tu wale wadudu, haiwaui, kwahiyo kilichoingia kimeanza kuchacha kitatoka kimeanza kuchacha. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, pale chakula hakiharibiki, ila ladha inaanza kuchoka baada ya miezi mitatu hivi na nyinyi hamtafika huko.

Kugawa, pima cha kula mara moja. Usigandishe bonge la kilo tatu halafu uje ulipige na mchi. Mifuko ile ya kufunga mdomo ijaze, toa hewa, ilaze bapa kwenye trei, ikishaganda unaisimamisha kama vitabu kwenye shelfu na inayeyuka haraka. Ukitumia makopo ya aiskrimu acha nafasi juu maana supu ikiganda inavimba inapasua mfuniko, na usimimine kitu cha moto mle. Kila kimoja bandika selotepu ya karatasi uandike jina na tarehe, usijidai utakumbuka, barafu ikishashika mtori na supu ya maharage ni kitu kimoja. Kilichotangulia kuingia ndo kitangulie kutoka.

Najua utaniuliza umeme ukikatika. Friza iliyojaa ukiiacha imefungwa inashika baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu siku moja, kwahiyo kujaza kwenyewe ni faida, nafasi ikibaki weka chupa za maji. Ila usifungue fungue kuchungulia! Na fanya hivi, gandisha maji kwenye kikombe, juu ya barafu weka sarafu ya shilingi mia mbili, kiache mle ndani. Ukirudi kutoka safari au hospitali ukakuta sarafu bado iko juu, haikuyeyuka. Ukiikuta imezama chini, basi umeme ulikatika muda mrefu vikayeyuka vikaganda tena wewe hupo, vyote tupa, usimpe mzazi hata kama vinanukia. Na LUKU weka za kutosha kabla ya leba, sio unapigiwa simu na nesi huku mita inalia.

Kuyeyusha, hamisha asubuhi kutoka friza kwenda friji ya chini, jioni pasha mpaka ichemke kweli, sio ya vuguvugu. Kilichoyeyuka kikapashwa hakirudi barafuni.

Hela nayo utaiona, chipsi kuku za kila jioni kwa mwezi mzima si mchezo, ila mimi nachopendea zaidi ni kwamba hata wewe ambaye hujui kupika zaidi ya mayai utaweza kumlisha mkeo bila kumuamsha kumuuliza chumvi iko wapi. Na wageni wa kumuona mtoto watakuja wengi, wengine watakaa mpaka chakula cha jioni, unawajua ndugu zetu.

Usifanye vyote siku moja. Jumamosi hii maharage na sosi, Jumamosi ijayo nyama na mtori, mkeo akae kwenye kiti aelekeze tu, asishike sufuria. Kabla hujaenda buchani nipigie picha friza yako ikiwa wazi, kama ni kile kisanduku cha juu ya friji mtori itabidi ugawe kwa jirani mwenye friza ya kulala au upunguze kuku. Mama yako anasema pilipili manga ya kusaga na tangawizi kavu ataituma kwa basi Alhamisi, ukapokee stendi mwenyewe usimtume bodaboda.